Chungu Kimoja cha Jumamosi

Kama umeanza dawa za kifua kikuu hivi karibuni, na daktari alipokuuliza kuhusu pombe ulimjibu kwa neno moja la heshima ukashukuru kwamba hakuendelea kuuliza, simulizi hii nimekuandikia wewe. Sina utaalamu wa tiba. Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Sumbawanga. Nina shahada ya chuo kikuu, nina mke anayeitwa Eliza, tuna watoto, na mama yangu mzazi anaishi Mollo, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini. Kifua changu kimepona. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja ambalo dawa hazikuligusa.

Kikohozi kilianza katika baridi ya katikati ya mwaka, wakati upepo wa Ufipa unapopenya hata kwenye madirisha yaliyofungwa na kila mtu mjini anakohoa kwa namna yake. Kwa hiyo sikukijali. Nilifundisha nikiwa nimejifunga skafu, na wanafunzi wa nyuma wakajifunza kusubiri nimalize kukohoa kabla ya kunakili. Mashati yakaanza kunipwaya shingoni. Asubuhi niliamka shuka limelowa jasho, wakati nje nyasi zilikuwa na umande uliokaribia kuganda. Eliza alinitazama nikitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, akasema, "Baba Neema, mkanda hauna tatizo." Nilicheka. Muda si mrefu, nikiwa nasahihisha mitihani, niliona damu kwenye leso.

Hospitalini nilikokwenda, wagonjwa wa kifua kikuu hawakai ndani kusubiri. Tuliwekewa mabenchi nje ya jengo, kwenye kibaraza, ili upepo upeperushe pumzi zetu. Ni utaratibu wa busara, lakini kwa baridi ile tulikaa kama kuku walionyeshewa, kila mmoja na kikopo chake cha makohozi amekificha ndani ya koti. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Zuhura, mfanyabiashara wa samaki kutoka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekuwa amehamia kwa dada yake mjini ili atibiwe. Alijifunika kanga mbili na blanketi juu yake, na alizungumza na kila mtu.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "wananiambia ugonjwa huu ni wa walevi. Sasa mimi Mwislamu, mke wa Mwislamu, nimelewa dagaa?"

Benchi zima lilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, tukakohoa pamoja mpaka muuguzi akachungulia dirishani.

"Dini yenu inaruhusu, si ndiyo?" akaniuliza tulipotulia.

"Inaruhusu kiasi."

"Yetu hairuhusu hata tone. Lakini marehemu mume wangu naye alikuwa na kiasi chake. Alikificha kwenye mtumbwi."

Nilicheka tena, kwa sababu nilimwona mume wake waziwazi na sikujiona mimi.

Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa wetu. Alinieleza kwamba nitameza dawa kwa miezi sita, kwamba mkojo utakuwa na rangi ya chungwa nisiogope, na kwamba dawa hizi hulielemea ini. Kisha akauliza, "Unakunywa pombe, mwalimu?"

"Kwa kiasi. Chungu kimoja, Jumamosi."

"Chungu cha ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa viganja. Hakikuwa kikubwa. Akasema kwa miezi hiyo sita hata hicho kimoja niache kabisa, nikaitikia, naye akaita mgonjwa mwingine.

Inanilazimu nieleze chungu hicho, maana daktari yule asingeweza kukijua, na huko uliko huenda hukijui pia. Pombe yetu ya ulezi tunaiita kimpumu. Ulezi uliochachushwa hujazwa chunguni ukiwa mzito kama ugali, kisha humiminiwa maji ya moto. Watu hukizunguka, kila mmoja na mrija wake, wakafyonza taratibu huku wakizungumza. Maji yakipungua, yanaongezwa mengine ya moto juu ya ulezi uleule, tena na tena, mpaka machicha yaishiwe nguvu. Mtu anaweza kuanza mchana na kuondoka jua linapozama, akiwa amekunywa chungu kimoja. Hatudanganyi tunaposema hivyo. Ndivyo tunavyohesabu. Hakuna Mfipa ninayemjua anayehesabu maji.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilinitosha kabisa. Nilizaliwa katika familia ya Kikatoliki ambayo pombe haikuwa jambo la aibu. Mama alipika kimpumu kwa ajili ya ubatizo, kwa ajili ya sikukuu ya jumuiya ya kanisa, na zaidi ya yote kwa ajili ya shamba, kwani baada ya baba kufariki, chungu ndicho kilichowaita majirani waje na majembe. Eliza alilelewa kwa walokole, ambao hawagusi kileo cha aina yoyote, na tulipooana tulikubaliana kwamba kila mmoja angebaki na desturi yake. Nami nilikuwa na hoja. Niliwakumbusha wachungaji wake harusi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai. Niliwakumbusha ushauri wa Paulo kwa kijana wake aliyeumwa tumbo, kwamba atumie divai kidogo. Kila Kwaresima niliacha pombe kabisa, tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, na nilihesabu jambo hilo kuwa ushahidi kwamba mimi ndiye bwana wa mrija na si mrija bwana wangu.

Eliza hakubishana nami juu ya Kana. Aliniambia siku moja, akiwa anaanua nguo, "Mimi sijakuuliza kama ni dhambi. Nimekuuliza kama unaweza kusimama ukaondoka chungu kikiwa bado kina nguvu."

Nilimwambia naweza. Sikumbuki kama niliwahi kujaribu.

Wiki za mwanzo za dawa zilikuwa za kichefuchefu. Vidonge nilivimeza asubuhi, na chakula kikawa adui. Hata machozi yalikuwa na rangi; leso yangu ilipata madoa ya njano iliyokolea kama maua ya maboga. Lakini kikohozi kilipungua, na hilo ndilo lililoniponza. Jumamosi moja, nikiwa na nafuu, nilipanda bodaboda kwenda Mollo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda mpaka masikio yamekua."

Alinipa uji, nikaunywa nusu. Tulikaa. Mama ni mtu wa maneno machache katika kuanza na mengi katika kuendelea, na siku ile hakuna aliyeanza. Nilitazama nyuma ya jiko ambako vyungu vyake hukaa.

"Hakuna hata kidogo, mama?"

Akanitazama. "Daktari amesemaje?"

"Amesema kwa kiasi."

Nimeandika sentensi hiyo kama nilivyoitamka. Ilitoka kinywani bila kujikwaa, kwa sauti ileile ninayoitumia kuwaambia wanafunzi urefu wa Ziwa Tanganyika.

Mama akanitengea chungu kidogo, changu peke yangu, na mrija wangu peke yangu, ili nisiwaambukize majirani. Aliweka sufuria ya maji juu ya mafiga na kukaa karibu na moto. Niliponyanyua kichwa, alimimina. Jumamosi iliyofuata nilirudi, na iliyofuata tena. Nilipata usingizi mzuri siku hizo. Niliuhesabu usingizi huo kuwa dalili ya kupona.

Aliyegundua macho yangu ni mtoto wetu Neema, mezani, mchana wa Jumapili. "Baba, macho yako yamekuwa kama ya paka." Nilikwenda kwenye kioo. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa njano. Kufikia katikati ya wiki ngozi iliniwasha hadi nikajikuna kwa kingo za rula, tumbo likawa linauma upande wa kulia, na harufu ya mafuta ya kupikia ilitosha kunifukuza nyumbani. Nililazwa. Dawa zote zilisimamishwa ili ini lipumzike, na daktari alinieleza bila kuficha kwamba kila siku tunayosubiri bila dawa, ugonjwa wa kifua unapata nafasi ya kurudi, na ukirudi unaweza kurudi ukiwa mgumu zaidi. Nililala kitandani nikiwa kati ya ugonjwa unaoniua na dawa inayoniua, na kilichovigombanisha nilikuwa nimekifyonza mwenyewe.

Mama alikuja siku ya pili, na chupa ya uji mkononi, akifuatana na akina mama wawili wa jumuiya yake. Eliza alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Tulikuwa bado tunasalimiana alipoingia muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Mwalimu, vipimo vyako vinazungumza. Nani anakupa pombe?"

Ningeweza kusema ni mimi. Watu wote niliopaswa kuwaambia ukweli walikuwa mahali pamoja, kama vile wameitwa kwa kazi hiyo.

"Mama anaamini ulezi ni chakula," nilisema. "Nimeshindwa kumkatalia."

Muuguzi alimgeukia mama. "Bibi, unataka kumzika mwanao?"

"Hapana, mwanangu," mama alijibu.

Hakusema kwamba aliniuliza daktari amesemaje. Akina mama wa jumuiya walitazama sakafu. Mama aliiweka chupa ya uji juu ya kabati, akaifunika kwa kitambaa chake, akalainisha kitambaa kile ingawa hakikuwa na mkunjo.

Walipoondoka Eliza aliniuliza, "Ni kweli?"

"Kwa kiasi fulani."

"Hilo ndilo neno lako," alisema, na akaanza kunikata kucha ili nisijichubue. Alinikata polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Ni katika huruma ndogo nilizopata wodini, na nilizipata nyingi: kucha zile, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyeniwekea gazeti usoni jua lilipoingia dirishani, migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao, ambayo Mama Zuhura alimtuma dada yake aniletee, kwa maagizo kwamba niinuse tu mpaka hamu ya kula irudi. Hamu ilirudi. Macho yakaanza kusafika kuanzia pembeni. Dawa zikarudishwa moja moja, kwa uangalifu, na miezi yangu ikaanza kuhesabiwa upya.

Niliporuhusiwa kutoka, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na miti ya miombo ilikuwa na majani mekundu. Sikuwa na nguvu ya kwenda Mollo. Eliza alikwenda kwa niaba yangu, mlokole kwa mama mkwe Mkatoliki, na alirudi na mahindi makavu na habari.

"Chungu amekifudikiza nyuma ya jiko. Vyote amevifudikiza. Na amekwenda kuungama."

"Kuungama nini?"

"Kwamba alikaribia kumuua mwanawe." Alikuwa akipukuchua mahindi na hakuinua macho. "Aliniambia kabla ya kwenda kwa padri alikaa Misa mbili bila kupokea Komunyo. Aliogopa."

Msomaji, hapo ndipo mwanya wa kusema ukweli ulipokuwa mpana kuliko wakati wowote. Nilihitaji tu kuvaa viatu. Badala yake nilijiambia kwamba nitamweleza nikipata nafuu, na nilipopata nafuu nilijiambia nisimsumbue mwanamke mzee ambaye tayari amepata amani ya sakramenti. Unaona jinsi elimu inavyoweza kumhudumia mtu.

Mvua zilipokaribia kwisha ukafika wakati wa kuandaa matuta. Kwetu nyasi hufukiwa ndani ya matuta ya mviringo ili zioze na kulilisha shamba, nayo ni kazi nzito isiyofanywa na mtu mmoja. Kila mwaka mama aliwaita majirani kwa kimpumu. Mwaka huu aliwaita kwa togwa, tamu, ya siku moja, isiyo na kileo hata chembe. Nilikuwepo. Sikuwa tena wa kuambukiza, ila bado sikuweza kulima, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nikiwa na koti, kama mgeni rasmi. Walikuja wachache. Baba mdogo Kasimiri, ndugu wa marehemu baba, aliionja togwa akaitazama kwa huzuni ya kweli.

"Shemeji," alimwambia mama, "hii inanyonyesha, hailimishi."

Wakacheka. Mama naye akacheka kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

"Marahaba, Deo. Kikohozi chako kimetukausha koo sisi."

Kabla jua halijakaa katikati walikuwa wameaga, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana mbuzi. Kasimiri peke yake alibaki akaongeza matuta kadhaa kwa ajili ya nduguye aliyelala pale karibu, kaburini. Sehemu kubwa ya shamba ilibaki na nyasi zake. Mama alisuuza vikombe. Nami nikiwa kwenye kigoda nilijua kwamba neno nililolisema wodini ili nijisitiri kwa dakika moja lilikuwa limefika mpaka kwenye udongo, na bado sikusema.

Nilimaliza dawa baada ya Pasaka. Makohozi yalipimwa yakaonekana hayana vimelea. Mama Zuhura alikuwa amemaliza kabla yangu na kurudi ziwani. Muuguzi alinipa salamu zake, kwamba benchi limebaki bila mtu wa kusema ovyo. Nilimwambia daktari siku ile habari ya maji. Nilimweleza chungu chote, kuanzia ulezi hadi machicha, na jinsi nilivyomjibu siku ya kwanza. Alisikiliza, akaweka kalamu chini. "Ahsante," alisema. "Kuanzia leo nitauliza maji." Ukikutana na daktari asiyeuliza, mwambie wewe. Na macho yako yakianza kuwa na rangi, usisubiri mtoto akuambie mezani; nenda siku hiyohiyo.

Kutoka hospitali nilikwenda Mollo moja kwa moja. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa chini badala ya kwenye kigoda.

"Mama, daktari hakusema kwa kiasi. Alisema niache kabisa."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ileile uliyolisema." Aliendelea kuchambua. "Baba, sufuria nilikuwa naiweka motoni mimi. Maji nilikuwa namimina mimi. Hakuna daktari anayeruhusu maji mengi namna ile kwa mtu anayekohoa damu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, au kwa hasira. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Basi kwa nini hukusema pale wodini? Kwa nini ukaenda kuungama dhambi yangu?"

Hapo alinitazama. "Nani amekuambia niliungama yako? Niliungama yangu. Yako sikuigusa."

"Yako ipi, mama?"

Alitupa jiwe dogo lililokuwa katika maharage.

"Tangu uwe mtu wa mjini, ukija bila chungu unakunywa uji nusu kikombe unatazama saa. Ukija kuna chungu, unakaa mpaka jua linazama. Nikawa nachemsha." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Ningeweza kuuacha moto uzime."

Wale wa kanisa la Eliza husema pombe yenyewe ni dhambi, na sisi tunasema dhambi ni kuzidisha, na nimesikia mahubiri mazuri kutoka pande zote mbili. Siandiki kuamua kati yao. Ninajua tu kwamba kwa miaka mingi nililinda kipimo changu kama mtu anayelinda imani, na kwamba mama yangu aliketi karibu na moto akinunua saa za mwanawe kwa maji. Alizungumza Jumamosi zile. Nakumbuka midomo yake ikisogea, nakumbuka moshi, nakumbuka hata mlio wa mrija chungu kinapokauka. Sikumbuki habari moja aliyonisimulia. Hilo ndilo dawa hazikuligusa, na silijui la kulitibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuungama yangu. Jumatatu nilimtafuta baba mdogo Kasimiri nikamweleza nani alimdanganya nani, mbele ya wenzake, na alinitukana kwa Kifipa kwa muda wa kutosha. Mama nilimwomba avifudue vyungu kwa ajili ya shamba la mwaka ujao. Alisema atafikiri.

Sasa kila Jumamosi ninakwenda Mollo bila sababu. Saa ya kwanza ni ngumu. Mikono haijui pa kukaa. Juzi mama aliweka sufuria motoni, akatia majani ya chai, akamimina. Kisha akaanza kusema jinsi alivyotembea kutoka Mollo hadi mjini akiwa na uchungu wa kunizaa, katikati ya mvua ya mawe, akakatisha.

"Aa, hii nilishakusimulia. Zaidi ya mara moja."

"Nisimulie tena, mama," nilisema.

Akanitazama kuona kama ninatania. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na changu, akaanza tangu mwanzo.